Tupeane uzoefu: Mzee wa familia yenu aliyepita jeshini aliishi nanyi vipi?

#1

Wakuu, salaam. Babu yetu mzaa baba alitangulia mbele ya haki miaka michache nyuma, akiwa na umri ambao hata yeye hakuujua sawasawa. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Alichojua ni kwamba alizaliwa Waingereza wakiwa bado wageni Tanganyika, na kwamba Keya (jeshi la King's African Rifles, yaani KAR, la Mwingereza) walipokuja kuandikisha vijana kwa vita ya pili ya dunia, yeye ndevu zilishaanza kuota. Tulipokaa kupiga hesabu tukaona mzee alikuwa anaikaribia miaka mia.

Alikwenda Bama (Burma, Myanmar ya leo). Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya KAR kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo), iliingia bonde la Kabaw Agosti 1944 na kuwasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Desemba wakavuka pale Kalewa. Vitabuni utasoma mapigano. Kwa babu ulisikia mvua. Walisonga mbele katikati ya majira ya mvua za kule, tope linafika magotini, malaria inaangusha watu kuliko risasi, barabara hakuna, chakula kinadondoshwa na ndege. Kuhusu kuua au kuuawa hakuwahi kutamka neno, na sisi hatukumlazimisha.

Lakini vita ile ilikaa naye nyumbani. Kila jioni wajukuu tulipanga mstari mbele ya kiti chake, tunamwonyesha miguu. Anashika unyayo, anatenganisha vidole kimoja kimoja, anatazama kama kuna ukungu au kidonda, kisha anakausha kwa kitambaa mwenyewe. Mtoto aliyekuja na miguu mibichi alirudishwa. Tulidhani ni ukali wa uzee. Tukiwa wakubwa ndipo alituambia: kule Kabaw buti halikuvuliwa siku nyingi, na likivuliwa, ngozi inatoka nalo. Aliona vijana wenye nguvu wakibebwa machela kwa sababu ya miguu tu.

Ukoo aliuongoza hivyo hivyo. Kesi ya mpaka wa shamba hakuisikiliza barazani. Aliwaamsha wagomvi alfajiri, wakatembea naye mpaka wote hatua kwa hatua, kila mmoja anaonyesha anapodai, na wazee wa jirani wakiwa mashahidi. Wakirudi, mara nyingi ugomvi ulishakwisha njiani. Mimi naamini hakimu wa namna ile ni adimu.

Nanyi mlikuwa na mzee kama huyu? Alileta nini nyumbani kutoka jeshini? Wekeni hapa, hata kama ni kidogo.

#2

Mimi niko Mombasa. Kwetu hadithi ni ya ndugu wawili. Babu alirudi, mdogo wake hakurudi. Mdogo alikuwa kwenye kikosi cha mizinga, wakapanda meli ya Khedive Ismail kutoka hapa Kilindini kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo). Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga kwa torpido. Ilizama kwa dakika chache tu. Waliokufa ni zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa Afrika Mashariki, na walikuwemo pia wauguzi wanawake.

Hitma ilisomwa bila maiti. Bibi mkubwa, mama yao, aliendelea kumwekea sahani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Babu naye katika maisha yake yote hakukaa ufukweni. Mtu wa Pwani, anakula samaki, lakini bahari anaipa mgongo.

Kilichomtuliza kidogo ni safari ya Nairobi uzeeni. Mjomba alimpeleka kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, ambako kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na kaburi, wakiwemo wa meli ile. Walipolipata jina, babu hakulia. Alilisoma kwa kidole, herufi kwa herufi (kusoma alijifunzia jeshini), akasema, "Kumbe waliandika." Akaomba aachwe peke yake hadi adhuhuri.

#3

Wa kwetu si wa Bama, ni baba yangu mzazi, JWTZ (jeshi la Tanzania), vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda. Aliondoka mwisho wa 1978, mimi sijazaliwa, na alikuwa kwenye vikosi vilivyosonga hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Yupo hai, nguvu zimepungua.

Tarehe 25 Julai, siku ya Mashujaa, anaamka mapema, anavaa koti lenye medali, anawasha redio na kusimama wima sebuleni mpaka tarumbeta inyamaze. Goti linamsumbua, lakini kiti hataki. Mwaka jana wanangu wakasimama naye bila kuambiwa. Ametaja mara moja tu kwamba wenzake wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa mkoani Kagera.

#4

Babu yangu alirudi 1946 na blanketi, mestini (bakuli la bati la askari) na pesa zisizotosha ng'ombe wawili. Malipo ya kuagwa yalipangwa kwa rangi, Mzungu akipata mara nyingi zaidi ya Mwafrika wa cheo hicho hicho. Alilijua hilo na liliuma mpaka anakufa. Ile mestini bibi alipimia unga.

#5 (mwanzisha mada)

Asanteni sana. Wa #2, nimesoma mara mbili.

Kwa anayetafuta jina: tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, bure. Ni ya waliokufa tu, waliorudi hawamo. Jaribuni tahajia mbalimbali, maana karani aliandika alivyosikia, na mara nyingi jina la baba ndilo limewekwa kama la ukoo.

Wa #3, mfikishie mzee shikamoo yetu. Akiwa na siku njema mwombe majina ya wenzake wa kombania, hao wa Kaboya kwanza, na kijiji alichotoka kila mmoja. Andika kwenye daftari akiwepo, asahihishe mwenyewe. Huenda wajukuu wao wanasoma hapa.