Mrejesho: mafuta kuruka wakati wa kukaanga samaki

Habari zenu wapendwa. Niliuliza hapa nifanyeje mafuta yasiniunguze mikono na kuchafua jiko zima ninapokaanga vibua. Narudi na majibu, na asanteni sana wote mliochangia.

Kilichosaidia kuliko vyote ni ushauri wa maji. Sasa samaki nikishawatia ndimu na chumvi nawaacha wachuje, kisha nawakausha kwa kitambaa safi, hadi ndani ya tumbo na kwenye chale, maana maji hujificha humo. Napaka unga wa ngano kiasi, nakung'uta unaozidi. Mafuta nayapima kwa ncha ya mwiko mkavu wa mti: vipovu vidogo vikiuzunguka, naingiza samaki taratibu, mkia ukiangukia upande wa mbali nami. Ile milio ya pa! pa! imepungua mno.

Aliyesema nihamie kwenye karai lenye kina, mafuta yasifike nusu, Mungu akubariki. Ukuta wa jiko sasa naufuta mara moja tu.

Kufunika na mfuniko, hapana. Mvuke unageuka matone, yanadondokea kwenye mafuta na kuruka upya, halafu samaki analegea. Chujio pana la waya lililofunikwa juu linafaa zaidi.

Harufu bado, hata dirisha likiwa wazi. Mwenye dawa yake aniambie.

Na yule dada aliyesisitiza moto ukishika mafuta nizime gesi na kufunika kwa sinia, kamwe nisimwage maji: sinia sasa linakaa pembeni kila ninapokaanga.