Naomba ushauri: sura ya kukalafati mashua inawachosha wasomaji

Kalamu ya Usiku
Habari zenu wakuu. Naandika riwaya. Mvuvi amekwama kisiwani na mashua iliyokaa juani miezi mitatu, mbao zimekauka, ukiishusha majini inavuja kila upande. Nimetumia kurasa 14 kueleza anavyoikalafati, yaani anavyoziba nyufa zake: anasokota pamba, anailoweka mafuta, anaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Niliowapa wasome ni watatu, na wote wameziruka kurasa hizo. Mimi ndizo ninazozipenda kuliko zote. Nizifute?

Msomaji Mkimya
Usifute, tafadhali. Hadithi za namna hii ndizo ninazozitafuta. Ila mimi sifuati patasi, namfuata mtu anayewaza. Umetuambia anachofanya, hujatuambia anachohofia. Hiyo pamba kaitoa wapi kisiwani? Kama amechana godoro lake, nionyeshe akilichana, tena nijue haitoshi.

Fundi Randa
Nimeshika mbao miaka mingi, na kuna jambo umelipita. Mbao kavu zikirudi majini huvimba, na pamba nayo huvimba. Ukiijaza kupita kiasi, ubao unakosa pa kwenda, unasukumana na mwenzake, misumari inalegea. Kwa hiyo kazi ngumu pale ni kujizuia. Mwache ashindilie mstari wa kwanza kwa hasira, kisha usiku asikie mbao zikilia. Na sikio lake lifanye kazi: nyundo mwanzoni hutoa mlio mzito, pamba ikishakaa vizuri mlio unakuwa mkavu. Hapo fundi huacha kupiga.

Bibi Kurasa
Fundi kasema kweli tupu. Mimi naongeza la muda. Katika Robinson Crusoe, riwaya ya Defoe ya mwaka 1719, mtu anachonga mtumbwi kutoka mti mkubwa: siku 20 kuuangusha, 14 kukata matawi, mwezi mzima kuuchonga umbo, karibu miezi mitatu kuchimba ndani. Yote hayo ni mistari michache tu. Kisha anashindwa kuufikisha majini, ni mzito mno! Kazi ikienda sawa, pita haraka. Ikikwama, kaa hapo hata kurasa tano.

Kalamu ya Usiku
Asanteni sana, nimeelewa nilipokosea. Mvuvi wangu hakosei hata mara moja. Fundi, swali moja: akiilaza mashua kwenye maji ya kina kifupi ivimbe kwanza, inakubali?

Fundi Randa
Inakubali, wengi hufanya hivyo. Aijaze maji, aiache siku kadhaa. Nyufa nyingine zitajifunga zenyewe. Akiyakumba maji, zinazobaki kuvuja azitie alama ya mkaa, hizo ndizo za kutilia pamba.

Kalamu ya Usiku
Kumbe na lile godoro huenda likatosha. Basi sura inaanza na yeye ameketi ufukweni, anaitazama mashua yake chini ya maji na hana la kufanya ila kungoja. Naandika upya usiku huu.