Nataka kuwafundisha wazee na walezi kurekebisha viti mwendo, nianzie wapi?

Mlezi_wa_Zamu: Habari zenu wakuu. Mtaani kwetu wazee kadhaa wamepewa viti mwendo vya msaada, vyote saizi moja. Bibi ninayemhudumia ni mwembamba. Ikifika saa nne kashalalia upande mmoja, miguu inaning'inia. Binti yake humwekea mito, inachomoka. Nataka niwakusanye walezi tujifunze kuvirekebisha. Tuanze na nini, na kipi tusiguse?

Tabibu_Viungo: Mpimeni mtu kabla ya kushika spana. Mkalishe wima kwenye benchi gumu, pima upana wa nyonga, paja kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, na mguu kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino, akiwa na viatu vyake vya kila siku. Kina cha kiti kiwe pungufu ya paja kwa sentimita 3 hadi 6, la sivyo ukingo utambana nyuma ya goti naye atateleza mbele. Upana ukizidi, zibeni pande zote mbili kwa sponji ngumu iliyofungwa kwenye ubao. Mito laini haimshikilii mtu.

Kipo pia kipimo cha vidole, kila mlezi akijue. Omba ruhusa kwanza. Ingiza ncha za vidole kati ya mto na mfupa wa kalio. Vikicheza, salama. Havichezi ila vinatoka kirahisi, chukua tahadhari. Vimebanwa hata kuvitoa ni kazi, basi kidonda kiko njiani, badilisheni mto.

Spana_13: Mimi ni fundi baiskeli. Angalieni upepo kila wiki: breki nyingi za viti hivi hubana tairi lenyewe, likilegea hazishiki. Ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachoshika magurudumu makubwa, msiisogeze mbele. Kiti kitakuwa chepesi, lakini kitampindua mzee kinyumenyume.

Babu_Magurudumu: Wanangu, huu ni mwaka wangu wa 9 kitini. Nilikuwa najisukuma kwa mguu mmoja. Siku moja walinitandikia mto mnene, kwa nia njema kabisa, kisigino kikawa hakigusi chini. Wiki nzima nilisubiri wa kunisukuma hata kwenda kuota jua. Mwalimu aliwafundisha walezi, mimi sikuulizwa. Mkimaliza kurekebisha, mwacheni mwenye kiti akae humo saa nzima, ndipo mmuulize.

Tabibu_Viungo: Kweli kabisa mzee. Na mwenye kidonda tayari, au mgongo uliopinda usionyooka, msimjaribie, apelekwe kwa mtaalamu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya msingi ya huduma ya viti mwendo mwaka 2012, someni hayo.

Mlezi_wa_Zamu: Shikamoo babu. Nilipanga kuwaita walezi peke yao, nimebadilisha, wazee nao watakuwepo. Jioni hii nimempima bibi: nyonga 34, kiti 46. Niweke sponji ya sentimita 6 kila upande?

Tabibu_Viungo: Weka 5. Achia nafasi ya nguo nzito.