Naomba ushauri: neti ya nje ya kuzuia jua barazani

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wenu.

Nyumba iko Kigamboni, karibu na bahari. Baraza limeezekwa vizuri, upana mita 6, ila linatazama magharibi. Asubuhi panakalika. Kuanzia saa tisa alasiri jua linashuka, linapita chini ya paa na kupiga hadi ukutani. Saa kumi na moja vigae havikanyagiki peku, na mama yangu, ambaye hapo ndipo pake pa kupumzikia, analazimika kuingia ndani kwenye joto. Inaniuma kweli.

Tulijaribu turubai. Jua lilikatika, lakini hewa nayo ilikatika, pakawa kama tanuri. Kusi ilipozunguka kona ya nyumba ikalipigapiga mpaka matundu ya kamba yakachanika. Mapazia ya mianzi yalipendeza sana, ila masika yakaota ukungu.

Sasa fundi anapendekeza neti ngumu ya plastiki, ya kupandisha na kushusha kwenye reli za alumini. Anayo ya kuzuia jua asilimia 90 na ya asilimia 95, nyeusi na krimu. Nyeusi naipenda kwa sababu ukiwa ndani unaona nje vizuri zaidi. Bei si ndogo, ndiyo maana nasita.

Kwa baraza la magharibi, ipi inakata jua la jioni bila kuziba hewa? Na ninyi mnaoishi pwani, skrubu na reli za aina gani zimehimili chumvi?

Natanguliza shukrani.