Tupeane uzoefu: visa vya foleni ya kulipia dukani, hapa Kigoma

Wakuu, habari za mchana. Naanza na changu, na nyie mwageni vya kwenu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi niko duka kubwa pale Mwanga. Kaunta mbili, inayofanya kazi moja (ile nyingine sijawahi kuikuta na mtu). Mbele yangu kikapu kiko chini, mwenyewe hayupo: mche wa sabuni, mchele, majani ya chai. Foleni ikisogea nakisukuma kwa kiatu. Mara ya tatu nikakiruka. Hapo hapo akatokea mama mmoja na dumu la mafuta.

"Mwanangu, kikapu changu hukukiona?"

"Shikamoo mama. Kikapu nimekiona, wewe ndiyo sikukuona."

"Marahaba. Na bombani ukikuta ndoo yangu unairuka?"

Foleni nzima kicheko. Maana kwetu Ujiji maji yakisumbua, ndoo zinapanga foleni tangu alfajiri, wenyewe wako majumbani, na hakuna anayethubutu kuzigusa. Nikampisha. Ila bado nabisha: ndoo haiendi kuongeza maji mengine kwanza!

———

Mkuu, uliruka ndoo ya mtu, kaombe radhi. Mimi kero yangu ni wa simu. Vitu vyote vimeshapigwa, jumla imetajwa, ndipo anaanza kuchimba pochi kutafuta simu. Anauliza lipa namba. Salio halitoshi. Anampigia mumewe amrushie, na salamu za nyumbani humo humo.

———

Mie ni keshia, duka silitaji. "Nina kimoja tu, nipisheni" nimezizoea. Nyuma yake anakuja mwenzie na katoni. Kisichonitoka ni kaka aliyetoka sokoni na dumu lake la mawese, akalilaza juu ya kaunta atafute hela. Kifuniko kimelegea. Nageuka, mawese yameshaingia kwenye droo. Risiti za siku ile zote zilitoka na vidole vyangu vyekundu, na sarafu zilinata wiki nzima. Badala ya pole, mtu wa tatu kwenye foleni ananiuliza, "Dada, hayo lita bei gani?"

———

Nimerudi, mwenye uzi. Leo nimekutana na yule mama tena, kaunta ile ile, yuko nyuma yangu. Kabla sijamaliza shikamoo keshanipa kikapu: "Nishikie, nafuata chumvi."

Bado nimekishika.