Naomba ushauri: taimingi ya Beetle 1600 baada ya kubadilisha distributa

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1973, injini 1600. Distributa yake (kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) ya vakyumu, yaani inayosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa ya injini, ilikufa, fundi akanifungia ya 009, ile isiyo na vakyumu kabisa. Tangu hapo gari limekuwa na adabu mbaya.

Nikiiweka taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia vizuri, ila nikikanyaga mafuta kutoka kwenye foleni ya Ubungo inazubaa kidogo, kama mtu aliyeamshwa usingizini, ndipo inaondoka. Nikaisogeza hadi 10. Kuzubaa kukapungua, lakini kupanda Kimara na gia ya tatu, watu wanne ndani, nasikia injini inagonga, kama kokoto zikitikiswa kwenye mkebe. Nikaachia mafuta haraka. Injini hii inapozwa kwa hewa, na joto letu hili mnalijua, sitaki kutoboa pistoni.

Platini (swichi ndogo ndani ya distributa) ni mpya, mwanya milimita 0.4. Mwanya wa valvu nimepima injini ikiwa baridi, milimita 0.15. Plagi nimebadilisha. Kabureta sijaigusa.

Fundi anapima kwa sikio tu. Mimi nimeazima taa ya taimingi.

Maswali yangu: kwa 009, nitegeshe kwa sailensa, au nipandishe resi hadi mizunguko 3,000 kwa dakika na kuhakikisha taimingi haivuki nyuzi 30? Na huko kuzubaa, nihangaike na pampu ya kabureta au nitafute tu distributa ya vakyumu?