Ushauri: natua uwanja wa ndege wa V.C. Bird kule Antigua, Karibiani, uhamiaji wanabana wapi?

Mtoto_wa_Mtogole: Wakuu heshima kwenu. Mwezi ujao naenda Antigua, kutembea tu, napitia London. Aliyewahi kutua V.C. Bird anisaidie, uhamiaji pale wanauliza nini sana? Usingizi sipati.

BahariaMstaafu: Nimepandia ndege hapo nilivyomaliza mkataba kwenye meli ya watalii. Jengo lao jipya la 2015 si mchezo. Ule uwanja walianza Wamarekani enzi za vita ya pili wakauita Coolidge, 1985 ndo ukapewa jina la Bird, waziri mkuu wao wa kwanza. Nilikuwa na manzi mmoja mji mkuu wao, St. John's, anapika dagaa hao wacha tu, ningekuwa na akili ningeoa

Mama Chausiku: Mwanangu kutembea gani huko kwa kukosa usingizi? Tiketi ya kurudi unayo?

Mtoto_wa_Mtogole: Hoteli ipo mama.

Mama Chausiku: Sijauliza hoteli.

Mtoto_wa_Mtogole: Haya basi, ni ya kwenda tu. Kuna jamaa wa ajenti atanipokea nje, tunapanda treni mpaka bandarini, toka hapo boti hadi visiwa vya Wamarekani. Msinishambulie, kiwanja cha Kibaha nishauza na nusu ya hela ishaenda, halafu jamaa mwenyewe mtu wa swala tano

Mzee wa Ufuta: Vijana mnakimbia ardhi! Hela ya kiwanja ungelima ufuta Lindi saa hizi unahesabu magunia.

kipanga_09: Dogo achana nayo. Mwishoni mwa 2022 ndege za kukodi toka Nigeria zilimwaga Wakameruni hapohapo V.C. Bird, ahadi zilikuwa hizohizo, wakakwama kisiwani hela zimekata. Machi 2023 boti ikatoka Antigua na watu zaidi ya 30, ikapinduka karibu na kisiwa cha St Kitts, waliookolewa 16.

Mtoto_wa_Mtogole: Hao walijazana mkuu, sisi tutakuwa wachache na boti ina makoti ya kuokolea, nimetumiwa picha.

Mama Chausiku: Picha!

Fundi Saa: Ngojeni kwanza. Treni ipi Antigua? Kisiwa kizima kilomita za mraba 280 hivi, reli yao ilikuwa ya kubebea miwa, abiria wa treni hakuna. Uwanjani mpaka St. John's kama kilomita 8, unachukua teksi umefika. Hii chai, tena haina hata tangawizi.

kipanga_09: Au dogo ndo ajenti mwenyewe anapima upepo 😂

Mtoto_wa_Mtogole: Treni kasema yeye, mi nitajuaje na sijafika? Nimeuliza uhamiaji mnaniletea reli.

BahariaMstaafu: Mimi treni sikuiona, ila muda mwingi nilikuwa kwa yule manzi

Mama Chausiku: Mods fungeni huu uzi. Na wewe kijana, mama yako anajua?

chuma_cha_Voi: Samahani wadau, huyo ajenti anachukua na Wakenya?

Mtoto_wa_Mtogole: Njoo PM.